Mtu wa Majina Manne

Filamu ya Charade ilitoka 1963. Niliitazama juzi kwa simu, bure kabisa, kwa sababu studio ilikosea tangazo la hakimiliki na filamu ikawa mali ya umma. Audrey Hepburn ni mjane mjini Paris, anaandamwa na wahuni wanaodai dola 250,000 alizoficha marehemu mumewe. Cary Grant anajitokeza kumsaidia. Shida ni kwamba kila akinaswa kwa uongo anabadilisha jina: Peter, kisha Alexander, kisha Adam, mwishowe Brian.

Nilicheka sana, halafu nikamkumbuka shangazi yangu wa Malaba.

Shangazi ana vipande viwili, cha Kenya na cha Uganda, na majina hayafanani. Asubuhi ni Mteso wa huku, mchana ni Mteso wa kule, na trei za mayai zinavuka naye. Ukimuuliza kama huo si uongo, anakujibu: "Kwani ni mimi nilihama? Mpaka ndio ulinikuta." Na ni kweli. Hadi 1902 huku kwetu kulihesabiwa Uganda. Waingereza wakahamisha mstari, watu wakabaki palepale.

Basi, mwenye majina mengi ni mwongo? Utasema ushuru unapotea, na hilo silitetei. Lakini mimi nauliza: uongo huo ukianguka, utamwangukia nani? Wa shangazi utamwangukia mwenyewe: mayai yachukuliwe, alipe faini, pengine alale seli. Wa Grant unamwangukia mjane, anayelazimika kuamini upya kila jina likibadilika, na roho yake ndiyo iko rehani. Hata kama mwishowe jamaa ni mtu mwema, hakumpa nafasi ya kuchagua akijua.

Hapo nikazima simu. Mimi niliacha chuo miaka miwili iliyopita, na shangazi hajui. Kila muhula ananitumia elfu tatu "ya vitabu", pesa ya mayai yaliyopita njia za panya. Nimekuwa nikijiambia namkinga na uchungu. Lakini wapi! Yeye ndiye anavuka, mimi ndiye nakula.

Kwenye filamu mjane anasamehe kwa kicheko, maana ni vichekesho. Shangazi sijui. Jumapili napanda matatu kutoka Busia hadi Malaba, na elfu tatu za muhula huu ziko mfukoni, sijazigusa.