Unaenda Kulipa ama Kukopa Tena?

Maandiko: 2 Samweli 3:12–16, Luka 19:1–10, Hesabu 5:5–7



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinivuta kando wakati vijana wanapanga viti. Amenikubalia niseme swali lake, jina lake nimeliacha. Aliniambia hivi: "Pasta, kabla sijaokoka nilikuwa na msichana. Nilimtesa. Pombe, uongo, wasichana wengine. Sasa Mungu amenibadilisha, mwaka wa tatu sijaonja. Lakini huyo dada hajawahi kunitoka moyoni. Nimemwandikia ujumbe, uko hapa kwa simu. Nitume? Si ukweli ndio unaweka mtu huru?"

Nikamuuliza, "Ameolewa?"

Akaangalia viatu vyake. "Nasikia ana watoto wawili."

Najua hayuko peke yake. Kuna wengine wetu tumeokoka na simu zetu bado zina jumbe ambazo hazijatumwa. Kwa hivyo nataka tujibu pamoja, na nitaanza na mfalme Daudi.

Mikali binti Sauli alimpenda Daudi. Biblia inasema hivyo waziwazi katika 1 Samweli 18. Ukitafuta mahali palipoandikwa kwamba Daudi alimpenda Mikali, hutapaona. Usiku ule Sauli alipotuma watu wamuue Daudi, Mikali ndiye alimteremsha dirishani akatoroka. Baadaye Daudi alirudi kisiri akaonana na Yonathani rafiki yake, lakini hatusomi kwamba alimtumia mkewe hata salamu. Miaka ikapita. Daudi akaoa wengine. Sauli akamwoza Mikali kwa Palti, yule anayeitwa pia Paltieli.

Sasa fika 2 Samweli 3. Daudi ni mfalme kule Hebroni, mambo yamemnyookea, ana wake sita. Ndipo anataka Mikali arudishwe. Ni kweli alikuwa na hoja: mahari alilipa, na Sauli alimdhulumu. Lakini hebu tazama barabarani. Paltieli anamfuata mkewe akilia njia nzima mpaka Bahurimu, hadi Abneri anamwamuru arudi, naye anarudi. Sasa tafuta katika sura hiyo neno moja la Mikali mwenyewe. Hakuna. Hakuna aliyemuuliza. Tunakuja kumsikia katika sura ya 6, na hapo anaongea kwa uchungu, amemdharau Daudi moyoni mwake.

Daudi alikuwa amebadilika. Alichosahau ni kwamba Mikali pia alikuwa amebadilika. Yule msichana wa dirishani hakuwepo tena. Mwambie jirani yako: si wewe peke yako umebadilika!

Sisemi haya kama mtu aliyesoma vitabu tu. Mke wangu anaijua habari hii ninayowapa, na ndiye aliyeniambia niiandike.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni nikisomea biashara, nilikuwa na rafiki wa kike. Yeye alikuwa akisuka nywele wikendi. Muhula mmoja nilikuwa na salio la karo na mtihani uko karibu. Akanipa shilingi 22,000, pesa za kusuka, nikamwahidi miezi miwili. Nilifanya mtihani, nikapita. Kisha nikapata kazi ya kwanza Nairobi, nikabadilisha laini ya simu, nikanyamaza. Sikumwambia hata kwaheri.

Miaka minne baadaye niliokoka. Na unajua moyo ukishaoshwa, vitu vya zamani vinaanza kuonekana. Nikaanza kumwota. Usiku mmoja, kama saa nane hivi, nikamwandikia ujumbe mrefu: kwamba nimeokoka, kwamba sikuwahi kumwacha moyoni, kwamba pengine Mungu alitutenganisha ili anitengeneze kwanza. Nililia nikiandika. Niliona ni Roho.

Namshukuru Mungu sikuutuma. Asubuhi nilienda kwa mama mmoja wa maombi, anayeuza mboga karibu na stendi, mama aliyenilea katika wokovu. Nikampa simu. Akasema, "Nisomee mwanangu, miwani nimeacha nyumbani." Nikausoma wote kwa sauti, yeye akichambua sukuma wiki. Nilipomaliza akaniuliza, "Na zile pesa ziko wapi hapo?" Maana alinisikia nikitoa ushuhuda kwenye kesha, alijua habari ya karo. Nikarudi juu nikatafuta. Hazikuwepo. Mapenzi yalikuwepo, machozi yalikuwepo, Mungu alikuwepo. Shilingi 22,000 hazikuwepo.

Akaniangalia akasema, "Sasa mwanangu, wewe unaenda kulipa ama unaenda kukopa tena?"

Wapendwa, nilisoma hesabu za biashara miaka minne, na somo la kwanza kabisa ni kwamba kila kitu kinachoingia mahali kimetoka mahali pengine. Amani niliyokuwa naitafuta ingetoka wapi? Ingetoka kwake. Mimi niliyekuwa mdeni nilikuwa naandika kama mdai: nisikilize, niamini, nisamehe, nirudishe. Nilikuwa namwomba mkopo wa pili kabla sijalipa wa kwanza.

Zakayo hakufanya hivyo. Wokovu ulipoingia kwake, alisimama akataja mali na akataja kiasi: nusu kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Mara nne mimi nisingeweza. Lakini katika kitabu cha Hesabu nilikuta sheria ya mtu aliyemkosea mwenzake: akiri, arudishe yote, aongeze sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya 22,000 ni 4,400. Jumla 26,400. Nikampigia rafiki yetu wa zamani amuulize kama atakubali kupokea. Jibu likaja: atume. Pia nikaambiwa, bila kuuliza, kwamba kuna mtu ameshaenda kwao kujitambulisha. Siwafichi, siku hiyo sikula.

Nililipa kwa miezi mitatu, 8,800 kila mwezi. Na ya mwisho niliandika maneno machache: nilikudanganya, nikakimbia, nilikukosea, hunidai kujibu. Yeye akajibu: "Zimefika. Asante. Tangu wakati huo sijawahi kumkopesha mtu tena."

Basi. Nilikaa na hayo maneno wiki nzima. Miaka yote nilikuwa nikiwaza nilichopoteza mimi. Sikujua nilichomharibia yeye. Ule ujumbe mrefu nikaufuta.

Kwa hivyo, ndugu yangu, na wote wenye swali hili, nawaachia mambo matatu.

Kwanza, kama mmoja wenu ana ndoa, hizo hisia zipeleke kwa Mungu, na kwa mtu mzima mmoja wa imani atakayekuombea. Usizipeleke kwa simu ya mke wa mtu. Kuna Paltieli mahali, na kuna watoto. Ukweli unaoweka mtu huru hauvunji nyumba ya mwenzako.

Pili, deni halifutwi na ndoa. Kama ulichukua pesa, lipa. Kama ulimchafulia jina, lisafishe mbele ya wale uliowaambia. Fanya mwenzi wako akijua. Na kama ulimpiga au aliishi kwa kukuogopa, usijitokeze mwenyewe. Pitia kwa mtu, na akikataa, heshimu.

Tatu, kama nyote mko huru, si dhambi kusema unampenda. Lakini lipa kwanza, ngoja, kisha sema mchana, mara moja, bila kusema "Mungu ameniambia." Akisema hapana, iwe hapana. Kama wokovu wako hauwezi kubeba hapana yake, bado hujawa tayari kwa ndiyo yake.

Na dada zetu, mkipokea ujumbe wa aina hii: kusamehe umeagizwa. Kurudi hujaagizwa.

Kazi ya wiki hii: chukua karatasi, andika jina la mtu mmoja uliyemkosea kabla hujaokoka. Mbele yake andika unachodaiwa. Usiandike unachohisi.

Tuombe. Baba, tupe ujasiri wa Zakayo wa kutaja kiasi. Tunachotamani na si chetu, tufundishe kukiacha mikononi mwako. Na wale tuliowaumiza, warudishie tulichowanyang'anya, hata pale mikono yetu haifiki. Katika jina la Yesu, Amina.