Vifaru Wetu wa Ajai



Machi 2018 wasanii Gillie na Marc walisimamisha jijini New York sanamu kubwa ya shaba: vifaru watatu wamebebana, Sudan, Najin na Fatu. Ndio waliokuwa vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Mwezi huohuo, tarehe 19, dume Sudan akafa Ol Pejeta, Kenya. Wakabaki majike wawili, mama na bintiye.

Mwaka uliofuata msanii Alexandra Daisy Ginsberg akamchora kifaru mweupe wa kaskazini kwa kompyuta. Mnyama anatokea ukutani kwa ukubwa wake halisi, kwanza kama vipande vya miraba, kisha ngozi inakunjamana, anahema, anatoweka. Inaumiza kutazama.

Lakini vifaru wa aina hiyo walikuwa wetu! Walikula nyasi Ajai, hapo kando ya Nile, katika hifadhi yenye jina la chifu wetu. Majangili waliwamaliza, na kufikia 1983 Uganda nzima haikuwa na kifaru hata mmoja porini. Wachongaji na wafinyanzi wa Arua, sanamu yao inastahili kusimama hapa pia, watoto wetu waiguse ile pembe.