Toka Kinshasa Mpaka Lubumbashi: Ni Mbali Gani?

Mwulizeni mtoto wa shule ni mbali gani toka Kinshasa mpaka Lubumbashi. Atatazama ramani na kujibu: kilometa 1,570 hivi, kwa mstari ulionyoka. Mfanyabiashara atajibu: saa mbili na kitu, kwa ndege. Mama mgonjwa wa Lubumbashi anayemngoja mwanawe atajibu namna nyingine. Je, nani kati yao amesema kweli?

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Reli ya Katanga ilifika Ilebo (siku zile Port-Francqui) mwaka 1928. Pale msafiri alishuka, akapanda meli, akafuata mto Kasai na mto Kongo mpaka mji mkuu. Mtoto aliyechelewa mazishi ya babaye hakulaumiwa na mtu. Njia yenyewe ilimtetea.

Ndege imeuondoa utetezi ule. Na hapa ndipo penye neno la kufikiri: njia ikifupishwa, je, wajibu wetu unaongezeka? Mimi nasema ndiyo. Mtu hadaiwi asiloliweza; lakini likiisha kuwezekana, anadaiwa. Asemaye leo «Ni mbali» hana budi kulipima neno lake: ni mbali kweli, au hataki?

Lakini tusiharakishe kuhukumu. Tazameni safari ya Edmond Thieffry, yule Mbelgiji aliyekuwa wa kwanza kurusha ndege toka Brussels mpaka Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville. Aliondoka tarehe 12 Februari 1925 pamoja na wenzake wawili, wakafika tarehe 3 Aprili: siku 51. Kumbe hewani walikaa saa 75 na dakika 25 tu! Siku zilizobaki zilipita chini. Mwaka 1935 safari za kawaida zilipoanza, zilichukua siku tano na nusu. Leo ndege hukata kilometa hizo 6,200 kwa saa 8 hivi.

Basi, kule kungoja chini kumekwisha? Kwa mwenye fedha, ndiyo. Kwa mwalimu au mchukuzi wa sokoni, kungali kupo. Ndege yake itaruka saa mbili. Lakini yeye amekwisha kusafiri miezi, franka kwa franka, akipunguza chakula cha nyumbani. Kwake Lubumbashi ni mbali kuliko Brussels kwa tajiri. Anayemwita mtu huyu mgumu wa moyo amemdhulumu. Tena tajiri akisema maneno yale yale, «Sikuweza», maneno ni mamoja lakini kweli si moja.

Wengine husema simu yatosha. Simu huleta sauti, nayo ni kitu chema sana. Lakini haimgeuzi mgonjwa kitandani, wala haimchotei maji.

Na nauli ikipatikana ya mtu mmoja tu? Desturi humtuma mkubwa, maana ndiye kichwa cha ukoo. Atafika, atasalimiwa, atakaa kitini. Kitinda mimba ndiye ajuaye mama hulalia ubavu gani na uji wake hupikwa vipi. Katika jamaa nyingi hapa ndipo ugomvi huanza. Mimi ningempandisha ndege kitinda mimba, na mkubwa atoe nusu ya nauli.