Mjomba na Jua la Ontario

Mzee mmoja wa Tanga alimtembelea mpwa wake Toronto mwezi wa Novemba. Asubuhi walikwenda Niagara, wakaloa manyunyu ya maporomoko na kupiga picha mpaka simu ya mpwa ikabaki na chaji kiduchu. Mchana wakaendesha gari kuelekea kaskazini hadi Queenston, inakoanzia njia ya miguu iitwayo Bruce Trail. Ilifunguliwa mwaka 1967, na ukiifuata yote utafika Tobermory, yapata kilomita 900. Wao walitaka kuionja tu.

Kuonja huko ndiko kulikowaponza, maana njia hii haizunguki ikakurudisha ulikoanzia. Kila hatua ya kwenda ni deni la kurudi. Ilipofika saa tisa mpwa alisema, "Mjomba, tugeuze." Mzee akatazama mkono wake. "Giza linaingia saa kumi na mbili, baba. Muda tunao." Kijana akanyamaza kwa heshima, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji. Huko Jumapili ya kwanza ya Novemba mishale ya saa hurudishwa nyuma, na kufikia wiki ya pili jua huzama kabla ya saa kumi na moja.

Waligeuka saa kumi. Majani yaliyopukutika yalikuwa yameifunika njia, kwa hiyo kilichobaki ni alama za rangi nyeupe kwenye miti. Ukiona moja, endelea mbele. Ukiona mbili, moja juu ya nyingine, na ya juu imesogea kulia, kata kulia. Za buluu ni za njia za pembeni. Katika utusitusi ule walipita alama mbili bila kuziona, wakajikuta wanafuata buluu. Mzee alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi vya kuendea msikitini, soli laini. Jiwe moja lenye unyevu lilimtosha. Kifundo kikavimba papo hapo, na simu nayo, kwa baridi ile, ikazima.

Walikutwa na mtu anayetembeza mbwa, ana taa kichwani. Isingekuwa mbwa yule, sijui.

Ukialikwa huko miezi hiyo, uliza kwanza jua linazama saa ngapi, kisha gawa kwa mbili muda uliobaki. Nusu ya kwanza ikiisha, geuka, hata kama aliye mbele yako ni mjomba.