Rangi na Ukweli

Jicho ni shahidi anayeaminiwa kuliko mashahidi wote. Sikio huambiwa limesikia vibaya, na ulimi huambiwa umeteleza. Lakini mtu akisema ameona kwa macho yake mwenyewe, aghalabu mabishano hukoma. Mithali nayo huipa heshima hiyo nguvu: mwenye macho haambiwi tazama. Walakini iko kazi moja ambayo mwenye macho hana budi kuambiwa tazama, tena aambiwe atazame nini na kwa njia gani. Kazi hiyo ni uchunguzi wa nyama ya mwili kwa hadubini.

Nyama iliyotolewa mwilini ili ichunguzwe huhifadhiwa katika formalini, huondolewa maji kwa spiriti, hujazwa nta, kisha hukatwa vipande ambavyo unene wake kwa kawaida ni sehemu tatu hadi tano tu za elfu moja ya milimita. Kipande cha namna hiyo kikilazwa juu ya kioo karibu hakionekani. Chembe na nyuzi zimo, lakini zimefanana kama matone ya ukungu. Hapo ndipo rangi inapohitajiwa. Rangi za kila siku ni mbili: hematoksilini, itokayo katika gogo la mti wa Amerika ya Kati uliotumiwa zamani na watia nguo rangi, nayo hufanya viini vya chembe kuwa samawati iliyokoza, na eosini, ambayo hufanya sehemu nyingine kuwa za waridi. Baada ya hizo ziko rangi maalumu, na kila moja hutumwa kutafuta kitu chake. Njia ya Perls, ya mwaka 1867, hutafuta chuma na kukigeuza buluu. Njia ya Masson hutenga nyuzi za kolajeni na misuli, ili tabibu ajue ni kiasi gani cha ini au cha moyo kimegeuka kovu.

Basi rangi maalumu si pambo bali ni swali. Na kama yalivyo maswali yote, hujibiwa kwa kadiri lilivyoulizwa tu. Damu imejaa chuma, lakini chuma kilichofungwa ndani ya chembe nyekundu hakiitiki wito wa Perls. Huitika kile kilichowekwa akiba au kilichorundikana. Mtu asiyejua hayo angetazama kioo kisicho na buluu akaapa kwamba hapana chuma. Hangesema uongo juu ya alichokiona. Angekosea juu ya kilichopo. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo shina la jambo hili: je, rangi huonyesha kweli, au huizua?

Makosa ya wakubwa hufundisha zaidi kuliko makosa ya wadogo. Mwaka 1854 Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani ambaye maarifa yake yalikuwa bahari, alitia iodini juu ya kitu kigeni kilichojikusanya katika nyama ya wagonjwa. Kitu hicho kilibadilika rangi karibu kama wanga unavyobadilika. Virchow akakiita amiloidi, yaani kitu mfano wa wanga. Mwaka 1859 Friedreich na Kekulé walikipima kwa kemia wakaona kuwa si wanga, ni jamii ya protini. Iodini haikudanganya, kwa maana ilibadilika kweli. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba vitu viwili vinavyojibu swali moja kwa sauti moja lazima viwe kitu kimoja. Jina lilibaki, na linatumika hata leo, kama mtu aliyesingiziwa ambaye kesi yake ilifutwa lakini lakabu ikamganda.

Rangi inayoaminiwa kutambua amiloidi nayo ina jina lisilo lake. Huitwa nyekundu ya Kongo. Hapana mti, jiwe wala udongo wa Kongo ndani yake. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1883 na mkemia Paul Böttiger kwa ajili ya kutia pamba rangi, ikapata jina lake sokoni katika siku za mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wakati wakubwa wa Ulaya walipokuwa wakipatana juu ya Afrika na neno Kongo lilikuwa katika vinywa vya watu. Nchi ya watu ilifanywa chapa ya bidhaa. Mwaka 1922 Bennhold alionyesha kuwa rangi hiyo hushika amiloidi. Na baadaye ikajulikana kwamba ikitazamwa katika mwanga uliochujwa hutoa ukijani wa tofaa. Jina halikuisaidia, wala halikuizuia kufanya kazi yake. Ni heri kukumbuka kwamba majina mengi yanayotumiwa kuhukumia vitu na watu yalitoka sokoni.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni wa watu wawili waliotazama kwa rangi moja. Mwaka 1873 Camillo Golgi, tabibu katika nyumba ya wagonjwa wasioponyeka huko Abbiategrasso, Italia, alilowesha ubongo katika dikromati ya potasiamu, kisha katika chumvi ya fedha. Chembe chache zikawa nyeusi tii, kila moja na matawi yake yote, na nyingine zote zikabaki hazionekani. Kwa nini fedha huchagua chembe hizi na kuziacha zile, hata leo hapana ajuaye kwa ukamilifu. Lakini uchache huo ndio uliokuwa fadhila. Kama miti yote ya msitu ingepakwa masizi pamoja, pasingekuwa na mtu wa kuuona mti hata mmoja.

Golgi aliona matawi hayo akaamini kwamba yameungana kuwa wavu mmoja. Mwaka 1887 Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alionyeshwa vioo vilivyofanywa kwa njia hiyo. Akairekebisha, akaitumia juu ya ndege na wanyama wachanga, na mwaka 1888 akatangaza kwamba kila chembe ni mtu na nafsi yake: hugusana na mwenziwe lakini haiungani naye. Mwaka 1906 wote wawili walipewa pamoja Tuzo ya Nobel mjini Stockholm. Golgi alitangulia kusema, akatumia hotuba yake kulipinga wazo la yule aliyekuja kusimama kesho yake. Fedha ilikuwa moja, na ubongo ulikuwa wa namna moja. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila mmoja alikuwa tayari kukiona. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha mwanya kati ya chembe na chembe, na Cajal akawa mshindi. Hata hivyo pamepatikana pia mahali ambapo chembe huunganishwa na vijia vidogo mno. Ukweli haukumnyima kabisa hata aliyeshindwa.

Msomaji mwepesi ataamua kutoka hapa kwamba dawa ya makosa ni kushuku kila rangi. Shaka nayo ina hatari yake. Mwaka 1898 Golgi huyo huyo aliona ndani ya chembe za ubongo wa bundi kitu kama utando uliojikunja. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walisema kwamba kitu hicho hakipo, kimefanywa na fedha yenyewe. Hadubini ya elektroni ikathibitisha kwamba kipo. Usione vyaelea, vimeundwa, husema wahenga. Lakini si kila kielealo kimeundwa na yule anayekitazama. Kuamini upesi ni uvivu, na kukataa upesi ni uvivu uliovaa joho la hekima.

Kati ya uvivu huo miwili ipo njia ya uaminifu, nayo haina fahari. Mchunguzi mwema hutia rangi kipande ambacho kinajulikana kuwa na kitu hicho, kusudi ajue kwamba dawa yake ingali na nguvu. Hutazama pia kipande kisicho nacho, kusudi ajue kwamba dawa hairopoki. Akiwa na shaka huuliza swali la pili kwa njia isiyo na udugu na ile ya kwanza. Kisha huandika alichokiona mbali na anachokidhani, wala haandiki neno hakipo mahali panapostahili neno hakikuonekana.

Neno hilo moja lina uzito, kwa sababu nyuma ya kioo kuna mtu. Yeye hakuiona nyama yake, hajui jina la rangi, na hana njia ya kubishana na jicho la mwingine. Amekaa kitandani akingoja karatasi. Neno hakipo humrudisha nyumbani bila dawa; neno hakikuonekana humfanya tabibu wake atafute tena. Kwa hiyo uangalifu wa maneno hapa si adabu ya wasomi tu, ni haki ya mgonjwa.

Rangi, basi, haizui kweli wala haitoi kweli nzima. Ni taa yenye nuru ya namna yake: huangaza upande mmoja na kwa tendo hilo hilo huacha upande wa pili gizani. Anayeichukua ana wajibu wa kujua kivuli chake kinaanguka wapi. Wajibu huo hauishii katika hadubini. Kila mtu hutazama wenziwe kwa rangi aliyoizoea, ya kabila, ya mali, au ya habari alizosikia jana, na kila rangi humwonyesha kitu fulani cha kweli. Dhuluma huanza pale anapodhani kwamba ambacho rangi yake haikukishika hakimo ndani ya mtu.