Hukumu Ilipokwenda Ugenini

Neno katiba tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kuandika. Ni ndugu wa katibu, yule anayekaa na kalamu kikaoni. Waarabu wenyewe siku hizi, wakitaja sheria mama ya nchi, husema dustur, neno lenye asili ya Uajemi. Wajerumani wa Magharibi mwaka 1949 walisita hata kuitaja katiba kwa jina lake: nchi ilikuwa imegawanyika, wakaiita hati yao Sheria ya Msingi, kama mtu anayejenga kibanda akingoja ndugu zake warudi ndipo wainue nyumba. Waingereza nao, waliotuachia majoho ya mahakamani, hawana hati moja unayoweza kuishika mkononi ukasema hii hapa. Katiba yao imetawanyika katika sheria za Bunge, katika hukumu, na katika mambo ambayo kila kiongozi anajua kwamba hayafanywi.

Kwa hiyo Kiswahili kimeshachagua upande kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Kwetu katiba ni kilichoandikwa. Ndivyo ilivyo kweli?

Swali hilo ndilo linalonirudisha kila mara kwenye kazi ya kulinganisha katiba za mapokeo mbalimbali, kazi ambayo wengi huiona ya anasa, ya wasomi wenye muda. Lakini tuelewane kwanza kuhusu neno. Kulinganisha si kufananisha. Anayefananisha anatafuta sura moja katika vitu viwili, na akiipata hufurahi na kuondoka. Anayelinganisha huvilaza sambamba, kama fundi anavyolaza mbao mbili, akitazama mwanga unapenya wapi. Kazi yake inaanzia kwenye pengo.

Kipo kisa kimoja ambacho nimekisoma mara nyingi. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania, akiwa Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kunyongwa inakwenda kinyume cha Katiba: ni ya kikatili, inamdhalilisha mtu. Tamko la haki lilikuwa bado changa nchini, limeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zilianza kulitekeleza mwaka 1988. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na namna ilivyoitengua ndiyo inayonishika. Haikusema kwamba kunyonga si ukatili. Ilikubali kuwa ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha. Kisha ikasema kwamba Katiba yenyewe inaruhusu haki kubanwa na sheria, mradi sheria hiyo isiwe ya kionevu na iwe inahitajika kwa kiasi cha haki. Na kama inahitajika au haihitajiki, jamii ndiyo yenye kuamua.

Miezi michache baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyokuwa mpya kabisa, ilitoa hukumu katika kesi inayojulikana kwa jina la Makwanyane. Majaji wote 11 waliifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji. Arthur Chaskalson, aliyeiongoza mahakama hiyo, alisoma kwanza ya wenzake: Hungary, ambako adhabu hiyo ilifutwa na mahakama mwaka 1990; India, ambako mahakama ya juu iliibakiza mwaka 1980 kwa kesi za nadra; na Tanzania. Hukumu ya kwetu ilifika Johannesburg, ikakaribishwa, ikasikilizwa, kisha mwenyeji akashika njia nyingine. Mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja, kwamba adhabu hii ni katili na inadhalilisha. Mlango wa kutokea haukuwa huo huo.

Nini basi kilichopatikana katika ziara hiyo?

Jibu la haraka ni kwamba mahakama huazimana hoja kama majirani wanavyoazimana chumvi. Siliamini sana. Kama hukumu za wageni zingekuwa bidhaa, Johannesburg ingeweza kuchukua ya India au ya Tanzania kwa urahisi ule ule wa kuchukua ya Hungary. Na hapa ndipo wapinzani wa kazi hii wanapopata nguvu. Jaji Antonin Scalia wa Marekani, mwaka 2005, mahakama yake ilipozuia kuwahukumu kifo waliotenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18 na wenzake wakataja msimamo wa mataifa mengine, alilalamika kwamba sheria ya nje huitwa pale inapokubaliana na anayeiita, na husahaulika pale inapompinga. Yaani mtu anaingia shambani kwa jirani na kuokota maembe mabivu tu. Nampa nusu ya haki yake. Nimesoma maandishi mengi ya namna hiyo. Mengine, nakiri, ni yangu. Ila tuhuma hiyo haimpati Chaskalson vizuri, kwa sababu aliwakaribisha mezani hata waliompinga, na ilimlazimu aeleze kwa nini anaachana nao.

Wahenga wetu wana msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku zote nimejiuliza: apone nini? Tumezoea kudhani kwamba mwenyeji anapona njaa, kwa kuwa siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa kuku. Huenda maradhi yenyewe ni mazoea: kudhani kwamba namna nyumba yako ilivyojengwa ndiyo namna nyumba inavyojengwa.

Tazama neno ulazima. Ulazima ni hali ya jambo kutokuwa na njia nyingine. Anayesema "ni lazima" amejitoa katika mashtaka. Hakuamua yeye, mambo yenyewe yameamua. Lakini ukishamwona mwenzako aliyekubali yale yale uliyoyakubali, kwa maneno yanayokaribiana mno, akafika kwingine, ulazima wako unabadilika ukiwa mikononi mwako. Unakuwa uamuzi. Na uamuzi, tofauti na ulazima, una mwenyewe. Anaweza kuitwa na kuulizwa. Hilo linawabana pande zote mbili. Tanzania haiwezi kusema kwamba maandishi yake hayakuacha njia nyingine. Afrika Kusini nayo haiwezi kusema kwamba ubinadamu wenyewe uliiamuru, maana hata waliobakiza kitanzi waliutaja ubinadamu huo huo.

Tofauti ilikuwa wapi, kama haikuwa katika maneno? Naona ilikuwa katika maana ya jamii. Jamii ni kundi la watu wenye maisha ya pamoja, hapo hatubishani. Lakini wa lini? Mahakama ya Rufani ilimaanisha waliopo, wanaoogopa wauaji leo na ambao Bunge linawasemea. Chaskalson alisema wazi kwamba maoni ya wengi hayawezi kuchukua nafasi ya wajibu wa mahakama. Kwake, jamii iliyozungumza ni ile iliyojiwekea ahadi ikitoka katika ubaguzi wa rangi, miaka ambayo dola ilinyonga watu kwa mamia, na kitanzi cha mwisho kilitumika mwaka 1989. Mmoja alisikiliza sauti ya sasa, mwingine sauti ya kiapo. Sijui kwa hakika nani alimsikia mwananchi vizuri zaidi. Kiapo kinaweza kugeuka dikteta. Na sauti ya sasa, kila mtu aliyewahi kuona kibaka akizingirwa na umati sokoni anajua inavyoweza kuwa.

Kuna jambo jingine, dogo, lakini linaniuma kama mwiba. Majaji kadhaa wa Johannesburg waliegemea neno ubuntu, lililokuwa katika maneno ya mwisho ya katiba yao ya muda. Neno hilo limepata sifa duniani kote tangu hapo. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili utu wake kuthaminiwa. Utu, ubuntu: ni neno moja lililotembea njia mbili. Lakini hukumu zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na katika Kiingereza utu uligeuka kuwa hadhi, jambo ambalo mtu anakuwa nalo peke yake, kama cheo. Utu hauko hivyo. Mswahili akisema fulani hana utu, hamsemi aliyetendewa, anamsema mtendaji. Kwa lugha hiyo swali la kitanzi lingebadilika: lisingehusu tu anachostahili muuaji, lingehusu pia sisi tunaovuta kamba tunabaki nani. Ilitubidi tumsikie mgeni akitamka neno letu ndipo tushtuke kwamba lilikuwa nyumbani muda wote.

Sasa turudi kwenye kilichoandikwa. Katika vitabu vya sheria nchi hizi mbili zinapingana tangu 1995. Lakini Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Adhabu ipo, hutolewa, na marais wamepita mmoja baada ya mwingine bila kuitekeleza. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hataidhinisha. Je, ukimya huu wa miaka mingi ni sehemu ya katiba? Mwingereza angejibu ndiyo bila kupepesa macho, kwa kuwa kwake desturi ya wakubwa ni sheria ya wakubwa. Mjerumani angefungua ibara ya 102 ya Sheria yake ya Msingi, inayofuta adhabu hiyo kwa maneno manne tu ya lugha yake, na kuuliza ya kwetu iko wapi.

Sisi tuko katikati, tukiwa na neno linalosema katiba ni maandishi, na mazoea yanayosema vingine. Na mtu aliyehukumiwa kifo akilala usiku huu katika gereza letu, kinachomweka hai si ibara. Ni karatasi moja ambayo hakuna aliyeitia saini.