Ushahidi wa Rangi Nisiyoiona



Sisi tuliokulia Kabatoro tunaijua chumvi kabla ya kujua kusoma. Ziwa Katwe liko pale chini, ndani ya kreta ya volkano, na vidimbwi vya chumvi vimelizunguka. Kwa hiyo mwalimu wa kemia alipotaka kutuonyesha ngazi za nishati za elektroni, hakuagiza kitu mjini. Alileta chumvi ya ziwani, waya na taa ya spiriti.

Kwanza alimsimamisha mwenzetu kwenye ngazi za darasa. Unaweza kusimama kipandio cha kwanza au cha pili, akasema, lakini katikati huwezi. Elektroni nayo ni hivyo: ikipata joto hupanda, ikishuka huitoa ile tofauti kama mwanga. Akachovya waya kwenye chumvi, akautia motoni. Manjano! Ni sodiamu, nanometa 589, na chumvi ya meza popote duniani itakupa rangi hiyohiyo.

Kisha ikaja zamu ya potasiamu. Kitabu kilisema zambarau hafifu. Sisi tuliona manjano tena, kwa sababu waya ulikuwa na mabaki ya chumvi, na manjano ya sodiamu hufunika kila kitu. Dawa yake ni kutazama kupitia kioo cha buluu cha kobalti, nasi hatukuwa nacho.

Niliandika "zambarau". Nikapata vema.

Nilijitetea kwa miaka: nilichoandika si kilikuwa kweli? Potasiamu ilikuwamo, na elektroni zake zilikuwa zikishuka vipandio vyake mbele ya macho yangu. Sikusema jambo lisilokuwapo. Ila siku moja kwenye darsa tulifika mwanzo wa Surat al-Munafiqun. Wale watu walishuhudia kwamba Muhammad (s.a.w.) ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kuna neno la kweli kuliko hilo? Na bado waliitwa waongo, kwa kuwa walichokishuhudia hakikuwa mioyoni mwao. Simaanishi kwamba daftari la maabara ni sawa na imani, astaghfirullah. Lakini utetezi wangu ulianguka palepale. Safu ile ya daftari iliandikwa "Nilichoona". Haikuuliza potasiamu ina rangi gani.

Muhula huu niko kwenye mazoezi ya ualimu, na juzi nimesahihisha jaribio hilohilo. Madaftari thelathini na kitu, yote "zambarau", na mimi nilikuwapo: hakuna aliyeiona. Binti mmoja tu aliandika, "Manjano. Labda waya haukusafishwa." Mwongozo wa kusahihisha unampa sufuri.

Nimempa alama zote mbili. Wale wengine nimewarudishia bila alama, warudie Jumatatu kwa waya safi. Mkuu wa somo ameniita ofisini nikaeleze, nami nimeazima kioo cha buluu ili niingie nacho.